Mwamshaji na Fungu la Mbingu

Fimbo ya babu ilichukuliwa mlangoni. Askari wa ukaguzi aliipitisha kwenye mashine, akaitazama kwenye kioo akitafuta sijui nini, kisha akaifunga kikaratasi chenye namba 212 na kuisimamisha pembeni pamoja na miavuli ya watu.

"Hiyo si mwavuli," babu alimwambia kwa Kihispania chake cha kuungaunga.

"Najua, mzee. Utaichukua jioni ukitoka."

"Jioni ya nini? Kazi yake iko humo ndani."

Askari akanitazama mimi, akiomba msaada kwa macho. Nilimvuta babu mkono. Nilikuwa nimevaa mola yangu mpya, blauzi yetu ya vitambaa vya kushonewa picha, shanga za miguuni zilinibana, na sikutaka tuanze siku ya kwanza kwa ugomvi wa fimbo. Laiti ningejua, ningebaki pale mlangoni nigombane na yule askari mpaka mkutano uishe.

Babu yangu Olonigdi ni mwamshaji. Kisiwani kwetu Yaukdub, saila, mkuu wa kisiwa, akijilaza kwenye bembea yake ya kulalia katikati ya nyumba kubwa ya mikutano na kuanza kuimba habari za wazee, wimbo unaweza kwenda saa mbili, hata tatu, na hauna haraka. Sauti inapanda kidogo, inashuka kidogo. Mwitikiaji kwenye bembea ya pili anavuta "ndivyooo" mwishoni mwa kila mstari, na bahari, iliyo hatua kumi tu nyuma ya ukuta wa matete, inaitikia hivyo hivyo. Hata kama ulilala fofofo usiku kucha, kope zitakulegea. Ndipo mwamshaji, aliyesimama karibu na nguzo na fimbo yake, anapotoa ukelele mmoja mrefu, mwembamba, wa kupasua masikio: "Msilaleee! Sikilizeni vizuriii!" Watoto wachanga wanalia, wazee wanakohoa kujifanya walikuwa macho muda wote, na wimbo unaendelea.

Anayekutwa amelala, awe mkubwa awe mdogo, anabeba mtumbwi mzima wa mawe kutoka mwambani na kuyapanga ukingoni mwa kisiwa. Na mwamshaji akilala? Hiyo sheria aliitunga babu mwenyewe, enzi za ukali wake, siku alipomkuta mwamshaji mwenzake anakoroma. Mwamshaji akilala anatoa fimbo mbele ya watu, haulizwi kwa nini, na harudishiwi tena. Babu ameshika fimbo miaka thelathini na moja. Siri yake tulikuwa tunaijua wawili tu, mimi na marehemu bibi: aliiegemeza kidevuni. Usingizi ukimnyemelea, kidevu kinateleza, anashtuka, anapiga ukelele. Zile kelele zilizosifiwa visiwa vyote vya jirani, nyingi alikuwa anajiamsha yeye.

Saila Demetrio ndiye aliyetutuma. Alisikia redioni kwamba mataifa yanakutana mjini Panama kugawana mbingu, yaani kiasi cha moshi ambacho mbingu bado inaweza kubeba kabla mambo hayajaharibika kabisa, na kila nchi iruhusiwe kutoa kiasi gani. Alituita akiwa bembeani, mguu mmoja ukigusa mchanga.

"Olonigdi, nenda wewe, maana nasikia huko watu wanalala. Briseida aende akutafsirie. Mkirudi sitaki hotuba. Nataka jibu la swali moja tu. Katika mgao wao, mtu wa Yaukdub anahesabiwa mtu mmoja, au pungufu ya mmoja?"

"Na wakisema pungufu?"

"Waambie wakuonyeshe ni kipande gani cha mwili wako walichokitoa."

Tuliondoka na kicheko cha watu wote mgongoni.

Ukumbi wenyewe haukuwa na madirisha. Zulia la buluu lilimeza nyayo, baridi ilishuka kutoka kwenye dari taratibu, na taa zilimulika pote sawa hata mtu hakuwa na kivuli. Huwezi kujua kama ni asubuhi au alasiri. Mbele kabisa, juu ya jukwaa, alikaa mwenyekiti, mama mmoja wa nchi za baridi, mwembamba, mwenye nyundo ndogo ya mbao. Watu walizungumza mbali, midomo ikichezacheza bila sauti, na maneno yakakufikia kupitia vile vidude vya masikioni, yote kwa sauti moja ya mwanamke mmoja mpole. Wanaume wenye vitambi, mabinti wenye hasira, wazee wenye kukohoa, wote walisema kwa sauti ya yule mama. Babu alimpenda siku hiyo hiyo.

"Huyu mama wa masikioni kaolewa?"

"Babu, sikiliza."

"Nasikiliza. Ndiyo maana nauliza."

Ofisa mmoja wa ujumbe wa nchi yetu, Bwana Batista, ndiye aliyetupatia viti nyuma kidogo ya kibao chenye jina la nchi. Sijidanganyi, ilikuwa kwa ajili ya picha. Mola nyekundu nyuma ya bendera inapendeza. Lakini viti vilikuwa viti, na babu alikaa wima, mikono juu ya magoti, kidevu kikitafuta kitu cha kuegemea bila kukipata.

"Bri," alininong'oneza mchana wa siku ya kwanza, "hapa ni nyumba kubwa hasa. Masaila wanasema lugha isiyoeleweka, mkalimani anaeleza, watu wanasinzia. Wamekosa kitu kimoja tu."

"Bembea?"

"Mwamshaji."

Siku ya pili ndipo mjadala ulipofika tulipokuwa tunapangojea, fungu la kumi na saba la mkataba. Lilikuwa na mstari mmoja na nusu: kwamba kiasi cha moshi kilichobaki duniani kigawanywe kwa vichwa, kila mtu aliye hai awe na fungu sawa na mwingine, na kila nchi ipewe kwa hesabu ya watu wake. Basi. Mstari mmoja na nusu, na watu walibishana nao tangu asubuhi mpaka miguu yangu ikafa ganzi.

Bwana mmoja mwenye tai ya kijani, msemaji wa nchi zenye viwanda vingi, alisema kwa upole kwamba usawa ni neno zuri, lakini lazima tuanze na hali ilivyo. Nchi zilizozoea kutoa moshi mwingi zina miji, zina barabara, zina nyumba za kupasha moto wakati wa theluji. Haziwezi kushushwa ghafla. Kila mmoja apunguze kidogo kidogo kutoka pale alipo. Mama mmoja wa nchi yenye watu wengi sana akajibu kwamba pale mlipo mlifika kwa kutumia mbingu ya wengine, na sisi mnatutaka tubaki hapa tulipo milele. Mwingine kutoka visiwa vya mbali vya Pasifiki akasema hajali sana nani apewe kiasi gani, mradi jumla yake isizamishe nyumba ya mama yake. Yote hayo yalipita masikioni kwa sauti ile ile ya upole, mpaka nikaanza kuona wanaobishana ni mtu mmoja anayeongea usingizini.

Wakati wa chakula tulikaa kwenye ngazi nje, tukila ndizi na samaki wa kukaanga tuliofungiwa na binamu yangu anayeishi mjini. Babu alitafuna muda mrefu.

"Hebu nielekeze vizuri. Chungu cha uji wa ndizi kiko katikati. Sisi tunampimia kila mtu kata moja, saila kata moja, mtoto kata moja. Si ndivyo?"

"Ndivyo."

"Sasa yule wa tai ya kijani anasema, aliyezoea kunywa kata kumi aachiwe tisa, maana tumbo lake limeshatanuka. Na aliyezoea kuonja kwa kidole?"

"Aendelee na kidole."

"Kha!" Alitema mwiba. "Lakini wa theluji namwonea huruma. Baridi ya humo ndani tu imenifikia kwenye mifupa. Apewe blanketi."

Bwana Batista alikuwa akipita na kahawa yake, akasimama. "Mzee, mambo si mepesi hivyo. Ni diplomasia."

"Eti diplomasia. Nikuulize wewe, mwanangu. Hilo fungu langu likija, linakuja kwangu au linakuja kwenu mjini? Maana nimeona majumba yenu pale ufukweni, viyoyozi vinavuma hata kwenye vyumba visivyo na mtu. Msije mkahesabu vichwa vyetu halafu mkanywa nyinyi."

Bwana Batista alicheka, lakini nilimwona amepata haya. Alisema hilo linafuata baadaye. Kisha akainama akanong'ona, kwa wema nadhani, kwamba tusijipe matumaini. Wakubwa wamekwisha kukubaliana chemba. Kesho alasiri fungu la kumi na saba litafutwa. Mwenyekiti atauliza kama kuna mwenye pingamizi, hakuna atakayejitokeza, atagonga nyundo, na litakuwa limekwenda.

"Na nchi yetu?" niliuliza.

"Sisi tutanyamaza, Briseida. Kunyamaza nako ni kazi."

Babu alikunja majani ya ndizi yaliyofungiwa samaki, akayatia mfukoni, kwa sababu hakuona mahali pa kuyatupa palipostahili.

Siku ya tatu ilikuwa kama nimeitazama nikiwa chini ya maji. Tulikuwa tumelala vibaya kwa binamu, babu sakafuni kwa kuwa hakukuwa na ndoano za bembea. Alasiri ukumbi ulijaa, na baridi ikawa nzito zaidi. Mwenyekiti alisoma karatasi, ukurasa baada ya ukurasa, mama wa masikioni akamfuata, sauti ikipanda kidogo, ikishuka kidogo. Bwana wa tai ya kijani alikuwa amefumba macho. Mama wa nchi ya watu wengi alikuwa ameshika shavu, kope zimeanguka. Mistari mitatu ya viti mbele yetu, vichwa viliinama kimoja kimoja. Simu ya Bwana Batista ikaangaza, akatoka kwa vidole vya miguu. Wenzake wa ujumbe walikuwa wameshatoka, tukabaki babu na mimi tu nyuma ya kibao cha nchi yetu.

Nilimtazama babu. Kidevu kilikuwa kifuani. Mikono yake ilikuwa imeshika fimbo isiyokuwepo, ngumi moja juu ya nyingine, na midomo imelegea. Alikuwa amelala. Sikuwahi kumwona amelala mkutanini maisha yangu yote, na nilihisi aibu kama ya kumkuta mtu mzima anaoga. Nilitaka kumgusa. Sikumgusa, kwa sababu alionekana amestarehe.

"Fungu la kumi na saba," alisema mama wa masikioni. "Inapendekezwa lifutwe. Je, kuna pingamizi?"

Hakuna aliyetikisika. Mwenyekiti aliinua nyundo.

"Sioni pingamizi, kwa hiyo..."

"Msilaleee! Sikilizeni vizuriii!"

Ilitoka kwa babu kwa lugha yetu ya Kiguna, ndefu, nyembamba, ikapanda mpaka kwenye dari na kurudi. Watu waliruka vitini. Glasi ya maji ilianguka mahali. Walinzi wawili walikimbia kuelekea kwetu, na mwenyekiti alibaki ameshika nyundo hewani, uso umemwiva.

Alisema kitu, na mama wa masikioni, ambaye naye sauti ilimtetemeka, akakitafsiri. "Kelele hiyo imetoka nyuma ya kibao cha nchi. Naomba ujumbe uniambie. Je, ni pingamizi?"

Babu alikuwa anapepesa macho kama aliyetolewa gizani. Alinigeukia. "Bri, tuko wapi?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema samahani, mzee alikuwa ndotoni. Ulikuwa ndio ukweli. Badala yake nilijinyoosha mpaka kwenye kipaza sauti cha Bwana Batista, nikabonyeza kitufe, taa nyekundu ikawaka mbele yangu, na nikasikia sauti yangu ikiwa kubwa kuliko nilivyoizoea.

"Ndiyo, mwenyekiti. Ni pingamizi."

Mama wa nchi ya watu wengi alikuwa ameamka sasa, ameamka kabisa. Aliinua kibao chake akaunga mkono. Mtu wa visiwa vya Pasifiki akainua chake. Wakafuata wengine wanne, mmoja hata kofia yake ilikuwa imekaa upande. Mwenyekiti aliteremsha nyundo taratibu bila kugonga. Fungu la kumi na saba, alisema, halifutwi, wala halipitishwi. Linabaki kwenye mabano, mpaka mkutano wa mwaka ujao.

Bwana Batista alirudi akikimbia. "Nani amepinga? Nani?"

"Sisi," nilimwambia.

Alijishika kichwa. Jioni nilimwona kwenye televisheni ya binamu akieleza jinsi nchi yetu ilivyosimama imara.

Babu alirudishiwa fimbo yake, iliyokaa mlangoni siku zote tatu, kwa kikaratasi namba 212. Aliikumbatia njia nzima ya milimani, ndani ya gari lililotutapisha kwenye kona, na ndani ya boti. Maji ya pwani yalikuwa yametulia, visiwa vinaelea bila mizizi, na minazi yake juu chini ndani ya maji. Tulipokaribia nyumbani ndipo alipozungumza.

"Uliwaambia nini?"

"Kwamba unapinga."

"Nilikuwa nimelala, Bri."

"Najua."

"Basi lililobaki unalijua."

Nilishikwa na hasira, na sioni haya kuisema. "Babu, hakuna aliyeona. Ukumbi mzima ulikuwa umelala! Na kelele yako ndiyo iliyookoa kitu chenyewe. Unataka kupeleka fimbo kwa nani? Kwa Bolivar yule mvuvi? Yule akipiga ukelele hata kuku hageuki."

"Sheria niliitunga mimi."

"Ndiyo, uliitunga wewe. Unaweza na kuinyamazia."

Aliitazama fimbo, mahali palipolainika kwa kidevu chake. "Siku tatu nimemsikiliza yule bwana wa tai. Kila mtu apimiwe kata moja, anasema, ila yeye ana sababu. Na sababu zake nzuri, hata mimi nilimwonea huruma. Sasa mimi nami nina sababu. Nilikuwa nimechoka, nilinyang'anywa fimbo, na kelele yangu ilifaa. Sababu nzuri kuliko zake. Nikizitumia, Bri, nitamwambia nini mtu wa Yaukdub anayebeba mawe kwa kusinzia?"

Nililia kidogo, nikageuza uso upepo unikaushe machozi.

Gatini watu walikuwa wamejaa. Redio ilikuwa imetutangulia, "mzee wa Kiguna asimamisha mataifa", na watoto walikuwa wanaiga ukelele wake, kila mmoja kwa mapafu yake. Wanawake walimpa kakao. Bolivar, mvuvi wa kambakoche, mtu wa makamo na mcheshi, alimpiga babu bega. "Mzee, sasa ukiniamsha nitajivunia. Nimeamshwa na aliyeamsha dunia!"

Saila alituita alasiri hiyo hiyo. Ilikuwa Desemba, miezi ya bahari kujaa, na mchanga wa nyumba kubwa ulikuwa umelowa tangu asubuhi. Nyumba za bara, zile tulizoahidiwa tuhamie bahari ikikimeza kisiwa, zilikuwa bado nguzo na mabati. Watu walikaa kwenye mabenchi. Babu hakwenda kwenye nguzo yake. Alisimama katikati, mbele ya bembea.

"Swali langu," alisema saila Demetrio. "Mtu wa Yaukdub ni mmoja, au pungufu?"

"Yuko kwenye mabano."

"Ndiyo nini?"

Babu aliviringisha viganja viwili akaviweka kushoto na kulia kwa kitu kisichoonekana. "Wamemshika hivi. Hawajamwangusha, hawajamnyanyua. Mpaka mwakani."

Watu waliguna. Mtu mmoja alipiga makofi, kisha wengi, na jina la babu likaitwa. Yeye akainua fimbo, wakanyamaza, maana wameizoea.

"Msinipigie makofi. Nililala. Ile kelele ilinitoka usingizini. Mjukuu wangu alinikinga, na nimeshamwambia kosa lake. Kosa langu nalisema mwenyewe." Aliilaza fimbo kwenye mchanga chini ya bembea ya saila. Nilisikia ilivyogusa ule umajimaji.

Saila hakuitazama fimbo. "Uliota nini?"

Kwetu hilo si swali la kupotezea muda. Babu alifumba macho ili aione tena.

"Niliota niko hapa hapa. Maji yamefika magotini, na watu wote mmelala kwenye mabenchi, na wale wageni wamelala pamoja nanyi, vitambulisho vimening'inia shingoni. Yule wa tai ya kijani kalala kwenye bembea yako, saila. Mtoto wa mtu kalala begani kwake. Wewe ulikuwa unaimba, nami nikaona maji yanapanda kwake na kwetu sawasawa, hayakumruka. Nikapiga kelele. Sikumpigia yeye wala nyinyi. Nilimpigia aliyelala."

Uso wa saila ulikuwa wa mtu anayeumia, na bado alisema alichotakiwa kusema. "Sheria haina jina la mtu ndani yake. Bolivar, chukua fimbo."

Bolivar hakucheka. Aliiokota, akaifuta kwenye suruali yake, akaenda kusimama kwenye nguzo ya babu, akiwa hajui aweke wapi mikono. Babu alitafuta nafasi kwenye benchi, akakaa kando yangu. Miaka thelathini na moja hakuwahi kukaa. Alinong'ona, "Hili benchi gumu hivi siku zote?"

"Siku zote, babu."

Kisha saila akajilaza, akaanza kuimba. Aliimba habari za wakati wa kwanza, watu walipogawana mito, na sauti ikapanda kidogo, ikashuka kidogo. Mwitikiaji akavuta "ndivyooo." Joto lilikuwa limeganda chini ya makuti. Mwanga uliopenya kwenye matete uliweka mistari juu ya magoti ya watu, mistari ikawa inatikisika, nami nikaitazama nikijiuliza kwa nini mwanga unatikisika namna ile, na sikufika mwisho wa kujiuliza. Bolivar alipiga ukelele mara moja, kwa haya, kama anayeomba ruhusa. Mara ya pili sikumsikia. Nilikuwa ukumbini tena, na mama wa masikioni alikuwa ananiimbia habari za mito.

"Msilaleee! Sikilizeni vizuriii!"

Nilishtuka, na nyumba nzima ilishtuka. Bolivar alikuwa ameegemea nguzo, fimbo imemponyoka. Saila aliacha kuimba, akainuka kwenye kiwiko.

"Nani huyo anayepiga kelele bila fimbo? Anasema nini?"

Kila mtu aliyajua maneno yale tangu tumboni mwa mama yake. Hata hivyo walimtazama babu, kisha wakanigeukia mimi, na mimi nilitazama chini. Maji yalikuwa yameingia kwa kupitia chini ya matete, safi, bila sauti, yamefunika mchanga wote na kupita chini ya mabenchi, na bembea ya saila ilikuwa inagusa uso wa maji. Viatu vya watoto vilikuwa vinaelea kuelekea mlangoni.

"Anapinga," nilisema.

Watu walianza kusimama, wanawake wakishika watoto, Bolivar akiipapasa fimbo ndani ya maji. Babu hakusimama. Kidevu kilikuwa kifuani, ngumi moja juu ya nyingine, na alikuwa anapumua kwa raha. Niliinama, nikamnyanyua miguu iliyolowa, mmoja kisha mwingine, nikailaza juu ya benchi. Hakuamka.